Kasi ya Bangoni na Kasi ya Saa Mbili Usiku

Hotuba kwa watumiaji wa intaneti, Mombasa

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, hamjamboni nyote. Nawashukuru mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za mitambo, na joto lenyewe hili.

Nimeitwa nizungumze juu ya intaneti ya hewani: ile ya laini ya simu, ile ya kidude cha 4G au 5G kinachokaa sebuleni, ile ya antena inayofungwa juu ya paa ikaelekezwa mnarani, na waifai ya ndani ya nyumba. Zote zinauzwa kwa nambari. Bango linasema megabiti kadhaa kwa sekunde, chini yake bei kwa mwezi, na picha ya familia inacheka. Mtu analipa, anafungiwa, siku ya kwanza anafurahi. Kisha jioni inafika, watu wameshaswali isha, wameshakula, kila mmoja ameshika simu yake, na video inaanza kuzunguka. Akipiga simu kulalamika anaambiwa azime ruta, ahesabu mpaka thelathini, aiwashe tena.

Nitakalosema leo ni moja, na mengine yote yanalizunguka hilo. Nambari ya bangoni inapima uwezo wa redio ikiwa peke yake: mtu mmoja, karibu na mnara, bila ukuta, bila jirani. Nambari tunayostahili kuonyeshwa kabla hatujatoa pesa ni ile ya saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa macho.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani, ili tukilalamika tulalamike kwa haki. Kasi inatangazwa kwa megabiti, lakini faili kwenye simu na kompyuta zinaonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 40, hata kikifanya kazi sawasawa kabisa, kitakushushia megabaiti 5 kila sekunde. Filamu ya gigabaiti 2 itachukua karibu dakika 7. Wapo wanaonijia wakisema wameibiwa, nikitazama naona vipimo viwili tofauti vimechanganywa. Hapo kampuni haina kosa, ila ingeweza kueleza kwa mstari mmoja tu, na haielezi.

Sasa twende mnarani, maana huko ndiko kwenye kiini cha maneno.

Minara mingi ya simu imegawanywa pande tatu, na kila upande una antena zake. Chukua upande mmoja wa 4G uliopewa masafa yenye upana wa megahetsi 20. Vitabu vya ufundi vinasema upande huo unaweza kufikia megabiti 150 kwa sekunde kwa kifaa chenye antena mbili. Hiyo 150 ndiyo iliyochapwa kwenye maboksi ya modemu miaka na miaka, na si uongo. Lakini tazameni inavyopatikana. Redio hupakia biti ndani ya kila alama, yaani kila kipande cha wimbi, inayorusha. Ukiwa karibu na mnara na mawimbi yakiwa safi, alama moja hubeba biti 6, na kwenye mitambo mipya hubeba 8. Ukiwa mbali, au nyuma ya ghorofa, au mnara wa pili ukikuingilia, mtambo wenyewe unapunguza mzigo: unakwenda biti 4, kisha 2, kwa sababu alama iliyojazwa sana haisomeki katikati ya kelele. Claude Shannon alilithibitisha hili kwa hesabu mwaka 1948: kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, na kikomo hicho kinawekwa na upana wa masafa pamoja na nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele. Hakuna tangazo linaloweza kukiongeza.

Watu hawakai wote chini ya mnara. Wengine wako karibu, wengi wako katikati, wengine wako pembeni kabisa. Ukiwachanganya wote, wahandisi hukadiria kuwa upande huo wa 4G utatoa wastani wa biti moja na nusu hadi mbili kila sekunde kwa kila hetsi moja ya upana huo. Pigeni hesabu: megahetsi 20 zinatoa megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Na hizo ni za upande mzima wa mnara, yaani za watu wote walioko Majengo au Bombolulu ambao simu zao zinatazama upande ule. Video safi ya HD peke yake inataka kama megabiti 5. Watu wanane wakitazama pamoja, upande umejaa. Wa tisa akiingia, wote tisa wanaanza kunyang'anyana.

Kampuni yenye masafa zaidi huongeza tabaka juu ya tabaka, na mambo yanakuwa nafuu. 5G nayo inakuja na masafa mapana zaidi, kwa hiyo kweli ni nzuri, sipingi. Nchini kwetu majaribio yake yalianza 2021 na biashara ikafunguliwa 2022. Lakini hata 5G ilizaliwa na nambari mbili. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilipoweka masharti ya kizazi hicho liliandika kuwa kilele chake kiwe gigabiti 20 kwa sekunde. Katika masharti yaleyale likaandika kasi ambayo mtumiaji wa mjini anatakiwa aipate mkononi: megabiti 100. Baina ya nambari hizo mbili kuna tofauti ya mara 200. Wahandisi waliziandika zote mbili bila kuficha. Waliotengeneza matangazo duniani waliiona ya kwanza tu.

Wenye umri wangu mnaikumbuka WiMAX, intaneti ya hewani iliyoitangulia 4G. Ilisifiwa kwa megabiti 70, ikasifiwa pia kwa kufika kilomita 50. Yote mawili yaliwezekana, kila moja kwa wakati wake. Mtu aliyekuwa mbali hakuiona 70, na aliyeiona 70 alikuwa karibu kabisa na mnara. Aliyesoma tangazo aliunganisha mawili hayo akanunua ndoto.

Hapa Mombasa tuna jambo la kutuumiza zaidi, kwa sababu nyaya za baharini zinatua kwetu. TEAMS ilifika mwaka 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, SEACOM nayo mwaka uleule, EASSy ikaja 2010, na nyingine zimeongezeka baadaye. Kenya, Uganda, Rwanda, nchi ngapi zinapata intaneti kupitia pwani hii! Kwa hiyo mtu wa Nyali anajiuliza: waya umepita mbele ya mlango wangu, mbona mimi nasota? Ni kweli mara nyingine waya wenyewe unakatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Siku kama hizo huwa habari, na zinapita. Tatizo la kila jioni liko kwingine. Waya wa baharini una nafasi tele. Kasi inapotea kwenye kilomita ya mwisho, pale data inapoacha waya ikapanda hewani, na pale mnara wenyewe unapolishwa kwa njia nyembamba kuliko inavyouhitaji. Minara mingine inalishwa kwa waya wa nyuzi za kioo, mingine kwa redio ya masafa ya juu kutoka mnara hadi mnara, na mvua kubwa ya masika inapoyapiga masafa hayo, njia inazidi kubana. Tena chumvi yetu ya bahari inakula viungio vya antena. Kama umefungiwa antena ya paa karibu na ufuo na hakuna fundi aliyepanda kuikagua, mwambie apande. Kutu kwenye kiungio kimoja inaweza kukupunguzia mawimbi polepole mpaka ukadhani kampuni imekudhulumu.

Na sasa nyumbani. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa tunaweza kujisaidia wenyewe.

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto. Zinazuia na mawimbi pia. Niliitwa katika nyumba moja Kibokoni, ghorofa tatu, ruta imewekwa chini kabisa nyuma ya mlango wa mbele, kwa kuwa waya uliingilia pale na fundi alikuwa na haraka. Watoto wanasomea juu. Tulianza kupima mguuni pa ruta: kasi iliyolipiwa ipo, haijapungua. Tukaingia chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, ikashuka vibaya. Tukapanda ngazi, na ghorofa ya juu simu ikaacha yenyewe masafa ya gigahetsi 5 ikarudi kwenye 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi lakini ndiyo yenye msongamano. Nilipofungua orodha ya mitandao, waifai za majirani zilijaa kioo kizima. Kwenye gigahetsi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana: namba 1, namba 6 na namba 11. Mtaa mzima umebanana humo.

Na waifai ni kama baraza yenye adabu: anayesema ni mmoja, wengine wananyamaza mpaka amalize. Akiwapo mtu anayesema polepole, yaani kifaa kilicho mbali kinachotuma biti chache chache, wote wanamngoja. Kwa hiyo televisheni ya zamani iliyo chumba cha mwisho inaweza kuipunguzia kasi simu mpya iliyo karibu na ruta.

Dawa ya nyumba ile haikuwa kununua kifurushi kikubwa zaidi, ingawa ndicho ajenti alichowaambia. Tulivuta waya wa mtandao hadi ngazini, ghorofa ya kati, tukaitundika ruta pale mahali pa wazi, na kwa chumba cha juu tukaongeza kituo cha pili kinacholishwa kwa waya. Wale watoto sasa wanasoma. Kifurushi ni kilekile.

Bado tuko nyumbani: maboksi ya ruta. Mtu anaenda dukani anaona 1200 kwa maandishi makubwa. Nawaombeni mjue 1200 hiyo imetoka wapi. Ni 300 ya gigahetsi 2.4 na 867 ya gigahetsi 5, zikajumlishwa, kisha zikakadiriwa kwenda juu. Simu yako haishiki zote mbili kwa pamoja, inashika moja. Hiyo 867 nayo ni kasi ya hewani kabla ya kutoa muda wa kusubiri zamu, kuthibitishiana na kurudia kilichopotea. Mara nyingi kinachobaki kwa kazi yako ni karibu nusu. Halafu igeuze ruta uangalie matundu ya nyuma. Nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100. Hata ukiileta intaneti ya megabiti 500, itapita kwenye tundu la 100. Nambari ya mbele ya boksi haikuambii habari ya nyuma.

Kuna jambo ambalo matangazo karibu yote yanalinyamazia, nalo ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma kutoka kwako. Bango linataja kushusha. Lakini mama anayeongea kwa video na binti yake aliyeko Saudia, kijana wa Kisauni anayefanya kazi za mtandaoni na kutuma faili kubwa usiku, wakala wa forodha anayepakia hati za kontena, hao wote wanategemea kupakia. Simu yako ni ndogo, betri yake ndogo, haiwezi kurusha kwa nguvu kama mnara. Ndiyo sababu mama anamwona binti vizuri, lakini binti analia kuwa picha ya mama imeganda. Ukinunua, uliza kupakia ni ngapi. Akikuambia hajui, hilo nalo ni jibu.

Satelaiti nitaipita haraka. Ile ya zamani, iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ina mchelewesho wa karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, na hakuna kasi ya bangoni itakayouondoa. Zile za chini, kama Starlink iliyofunguliwa hapa 2023, zinazunguka karibu na kilomita 550, na mchelewesho wake ni mdogo. Lakini nazo zinagawana anga: wateja wakiwa wengi eneo moja, hesabu ya mnara inarudi ileile.

Mtaniuliza, basi kampuni zinatudanganya? Ninavyoona, kugawana si kosa. Kila kampuni inauza zaidi ya ilichonacho, ikitegemea kuwa hatutatumia wote kwa dakika moja. Bila hivyo bei isingelipika. Kosa ni kujua kuwa saa mbili usiku mteja atapata robo, na kumwonyesha nzima. Kosa ni kuandika "isiyo na kikomo" kwa herufi kubwa, halafu kwa herufi ndogo ikawa ukishamaliza gigabaiti kadhaa kasi inakatwa mpaka kufungua barua pepe ni shida. Kampuni inazo takwimu. Mitambo yake inaandika kila saa upande gani umejaa na kwa kiasi gani. Fundi wa kawaida kama mimi ndiye anayebahatisha, wao hawabahatishi.

Na wala si jambo lisilowezekana. Uingereza, zamani, kampuni iliruhusiwa kutangaza "hadi" kasi fulani ikiwa asilimia 10 tu ya wateja wanaweza kuipata. Kuanzia Mei 2018 sharti likabadilika: kasi inayotangazwa kwa intaneti ya majumbani lazima iwe inapatikana na angalau nusu ya wateja wakati wa msongamano, baina ya saa mbili na saa nne usiku. Nambari za matangazo zikashuka, na hakuna kampuni iliyokufa kwa hilo. Australia mamlaka ya ushindani imezielekeza kampuni zitaje kasi ya kawaida ya jioni, kuanzia saa moja hadi saa tano usiku. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa zinalazimika kumwonyesha mteja kibandiko mfano wa kile cha kwenye pakiti ya chakula: bei, kasi ya kawaida ya kushusha na kupakia, mchelewesho, na kiasi cha data.

Sisi tuna msingi wa kudai hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Kinaagiza pia Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya kuwalinda watumiaji ilipitishwa 2012. Kilichokosekana ni sharti moja jepesi kutoka Mamlaka ya Mawasiliano: penye nambari ya kilele, pawe na nambari ya jioni, kwa herufi za ukubwa uleule. Mimi nitaendelea kulidai hilo kila nitakapopewa kipaza sauti, na nawaomba viongozi wetu wa kaunti mlioko hapa mlibebe.

Mpaka hapo, tujipimie. Ukipima kwa waifai ukiwa chumbani umepima ukuta wako, na kampuni ina haki ya kukukatalia. Pima kwa kompyuta iliyochomekwa waya kwenye ruta, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kama laini ni ya simu tu, simama pahali pamoja kila mara, dirishani au kwenye roshani. Pima asubuhi watu wakiwa kazini, pima saa mbili usiku, na rudia siku kadhaa, maana kipimo kimoja hakimshawishi mtu. Andika kushusha, kupakia na mchelewesho, vyote vitatu, na upige picha kioo tarehe na saa zikionekana. Programu ya kupimia ina tabia ya kuchagua seva, yaani kompyuta ya kupimia nayo, iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa kampuni hiyohiyo, na huko mambo huwa mazuri daima. Chagua mwenyewe seva ya Nairobi ya kampuni nyingine, kisha moja ya ng'ambo.

Asubuhi nzuri na usiku mbaya kwa waya, hapo msongamano ni wa kampuni. Mbaya nyakati zote kwa waya, kagua antena na kifurushi chenyewe. Nzuri kwa waya na mbaya kwa waifai, tatizo ni la nyumba, tafuta fundi aihamishe ruta.

Malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, na mpewe namba ya kumbukumbu. Simu peke yake haina ushahidi. Wasipojibu, peleka karatasi zote kwa Mamlaka ya Mawasiliano: mkataba, tangazo ulilonunulia, vipimo vyenu na ile namba ya kumbukumbu. Tangazo msilitupe, lipigeni picha siku ileile mnayolipa. Na wapangaji wa jengo moja mkilalamika pamoja mna nguvu zaidi, kwa sababu vipimo vya nyumba kumi zilizo upande mmoja wa mnara mmoja vinaonyesha kitu ambacho kampuni haiwezi kukiita ukuta wa mtu.

Hapo mezani nimeleta karatasi za kuandikia vipimo, zina nafasi ya asubuhi na usiku. Chukueni za kutosha, na za majirani pia. Sasa tuje kwenye maswali. Tuanze na yule mama aliyenyoosha mkono tangu niliposema habari za Saudia.